Alama bila msomaji hairudishi pikipiki

Wahenga walisema kwamba siku za mwizi ni arobaini. Mwizi wa pikipiki katika Nakuru ya leo hazihitaji siku zote hizo. Akiiba magharibi, kabla ya jua la pili kuchomoza chombo kimekwisha kuvunjwavunjwa: tangi limekwenda kwake, injini imekwenda kwake, na magurudumu yamekwisha kuvishwa pikipiki nyingine isiyo na hatia yoyote. Siku ya arobaini itakapofika, kitakachokuwapo cha kutafutwa ni rundo la vyuma vilivyotawanyika kutoka Naivasha hadi Mau Summit.

Kuhusu mwizi huyu tumesema mengi. Tumemlaani katika mikutano ya hadhara, tumemkemea katika nyumba za ibada, na mara nyingine, kwa aibu yetu sote, tumemchoma moto barabarani. Katika makala haya ningependa tuwatazame wale wanaobaki baada ya mwizi kwenda zake: fundi anayefungua, muuzaji anayepanga vipuri mezani, na mnunuzi anayelipa bila kuuliza swali. Hoja yangu ni kwamba vipuri vya pikipiki vyafaa kutiwa alama, kila kimoja, na kwamba alama hizo hazitafaa kitu hadi pale patakapokuwa na watu waliozoea kuzisoma.

Yafaa kwanza tukumbushane pikipiki ni nini katika maisha ya watu wetu. Bodaboda ilianza kama baiskeli ya kuwavusha abiria mpakani mwa Kenya na Uganda, huko Busia na Malaba. Mwaka wa 2008, serikali ya Kenya ilipoziondolea kodi ya VAT pikipiki zenye injini ndogo, zisizozidi ujazo wa sentimita 250, baiskeli iliachia nafasi yake chombo cha moto. Tangu wakati huo vijana wengi wasio na shamba wala ajira wameifanya pikipiki kuwa shamba lao. Katika miteremko ya Molo, Elburgon, Njoro na Mau Narok, ambako mvua ikinyesha gari haliingii, pikipiki ndiyo inayotoa viazi shambani, ndiyo inayofikisha maziwa kunakokusanywa, ndiyo inayomkimbiza mama mja mzito zahanati. Walimu wengi wa shule za mashambani hufika kazini kwa pikipiki, na baadhi yao ni wenye pikipiki hizo.

Chombo hiki aghalabu hununuliwa kwa mkopo. Mwendeshaji hulipa kidogo kidogo, pengine kila siku, kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi. Pikipiki ikiibwa, deni haliibwi pamoja nayo. Bima iliyo nafuu, ile ya kuwalinda watu wengine barabarani, hailipi wizi. Kwa hiyo kijana huyo hujikuta akidaiwa malipo ya chombo ambacho mtu mwingine anakipanda. Hapo ndipo karo ya mdogo wake inapokatika, na hapo ndipo sisi walimu tunapomkuta mwanafunzi amerudishwa nyumbani bila kujua kwamba chanzo cha yote ni swichi iliyovunjwa usiku mmoja.

Mji wa Nakuru, uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, una bahati na balaa ya kuwa njia panda. Barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Eldoret na mpakani Malaba hupita hapa. Njia ya kuelekea kaskazini hadi Mogotio na Marigat huanzia hapa. Ipo ya Subukia na Nyahururu, na ipo ya Njoro inayopanda kuelekea Mau. Njia hizo hizo zinazotuletea biashara ndizo zinazompa mwizi uhuru wa kuchagua upande wa kukimbilia.

Hata hivyo, mwizi mjuzi hana haja ya kukimbia mbali. Pikipiki nzima ina nambari ya usajili, ina nambari ya chesisi iliyopigwa kwenye shingo ya fremu, na ina nambari ya injini. Kuiendesha barabarani ni kubeba ushahidi wa kujifunga mwenyewe. Akiivunja, anabaki na vitu viwili tu vyenye nambari, yaani fremu na injini. Vingine vyote, kama vile tangi, kiti, taa, usukani, kabureta, betri, magurudumu na springi za nyuma, havina jina wala ukoo. Na kwa kuwa barabara zetu zimejaa pikipiki za aina chache tu, hasa Bajaj Boxer na TVS zitokazo India, kipuri cha moja huingia katika nyingine bila kulalamika. Kufanana huko kunampendeza mwenye pikipiki anapotafuta kipuri, na kunampendeza mwizi zaidi.

Nina mwanafunzi wangu wa zamani anayefanya kazi ya bodaboda katika barabara ya Njoro. Aliibiwa pikipiki yake na abiria wawili waliojifanya wateja wa usiku. Majuma kadhaa baadaye, akiwa katika shughuli nyingine, aliliona tangi lake limetundikwa katika kibanda cha vipuri. Alilitambua kwa kibonyeo kilichokuwa upande wa kushoto, mahali alipoangukia mwaka uliotangulia. Alimwita askari, naye askari akaja. Muuzaji akauliza swali moja tu: "Kijana, ni tangi gani la bodaboda lisilokuwa na kibonyeo?" Askari akamgeukia kijana, kijana hakuwa na jibu, na tangi likabaki pale pale lilipotundikwa.

Mtu anaweza kumlaumu askari yule, lakini tufikiri kama mahakama inavyofikiri. Mahakama ya Rufani ya Kenya, katika uamuzi wa mwaka wa 2006 unaotajwa sana, ilieleza mambo ambayo lazima yathibitishwe kabla ya mtu kutiwa hatiani kwa sababu ya kukutwa na mali iliyoibwa karibuni. Lazima mali hiyo iwe imekutwa kwake. Lazima ithibitishwe bila shaka kwamba ni mali ya mlalamishi. Lazima iwe iliibwa kutoka kwa mlalamishi huyo, na iwe iliibwa si muda mrefu uliopita. Sharti la pili ndilo linalowaangusha wengi. Kijana wangu alikuwa na hakika moyoni, lakini hakika ya moyoni haiwezi kuwekwa mbele ya hakimu kama kielelezo.

Lau tangi lile lingekuwa na nambari ndogo tu iliyochorwa chini yake, mahali pasipoonekana hadi ligeuzwe, na nambari hiyo ikawa imeandikwa katika daftari la kijana, mazungumzo yale kibandani yangechukua njia nyingine kabisa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na methali hiyo haikusemwa kwa wenye maduka peke yao.

Jambo hili si geni katika Bonde la Ufa. Kabla ya pikipiki, utajiri wa bonde hili ulitembea kwa miguu minne. Wamaasai na Wakalenjin waliwakata ng'ombe wao masikio kwa namna maalumu na kuwatia chapa za moto, na mtu aliyelelewa katika ufugaji aliweza kutazama sikio la ng'ombe akajua ni wa nani. Serikali ya kikoloni nayo ikatunga sheria ya kutia mifugo chapa, ikafungua rejista ya chapa hizo, na mwenye mifugo akapata alama yake iliyotambuliwa na dola. Baadaye mnyama akawa hawezi kusafirishwa kutoka wilaya moja hadi nyingine bila cheti.

Sitaki kuipamba historia. Wizi wa mifugo haukukoma, na katika sehemu za kaskazini mwa bonde hili ungali unaua watu. Lakini tazama jinsi ng'ombe wa wizi anavyomsumbua mwizi wake. Hawezi kumpeleka katika mnada wa karibu, kwa sababu mnadani kuna macho mia yanayojua kusoma masikio. Hulazimika kumpeleka mbali, usiku, au kumchinja porini. Chapa ile ilipata nguvu kutokana na macho hayo. Mahali pasipo na mtu wa kuisoma, chapa ni kovu tu katika ngozi ya mnyama.

Sheria zetu zenyewe zina jambo la kushangaza hapa. Kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, sura ya 63, kifungu cha 278, mwizi wa mifugo aweza kufungwa hadi miaka 14. Kifungu kinachofuata, cha 278A, kinampa mwizi wa gari miaka 7, na pikipiki ni gari katika macho ya sheria ya barabarani. Waliotunga waliona ng'ombe kuwa uhai wa familia. Leo kwa familia nyingi za Kaptembwa, Rhonda na Free Area, pikipiki ndiyo ng'ombe wa maziwa, na sheria bado haijalitambua hilo.

Lakini kuna kifungu kingine ambacho ningependa kila mwanafunzi akijue. Kifungu cha 322 cha kanuni hiyo hiyo kinahusu mtu anayepokea au kushughulikia mali ya wizi huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 14 pamoja na kazi ngumu. Yaani, kwa pikipiki, mpokeaji aweza kupata adhabu mara mbili ya ile ya mwizi mwenyewe. Sheria imeelewa jambo ambalo sisi raia hatujataka kulielewa: mwizi haibi ili aweke tangi kumi sebuleni kwake. Huiba kwa sababu yuko mtu aliyekwisha kumwahidi bei.

Na mwenye kibanda naye hulipa bei hiyo kwa sababu yuko mnunuzi. Tumfuate mnunuzi huyu. Ni mtu mwema, huenda hata kanisani au msikitini, na hawezi kuvunja kufuli ya mtu. Taa ya pikipiki yake imevunjika. Dukani ameambiwa bei ya taa mpya, akaguna. Kibandani ameonyeshwa taa safi kwa nusu ya bei hiyo, bila karatasi na bila risiti. Analipa, anafunga, anakwenda zake akimshukuru Mungu kwa bahati. Mwezi mmoja baadaye pikipiki yake inaibwa, naye analia kwamba vijana wa siku hizi wameharibika.

Mnunuzi huyo yafaa ajue pia kwamba kisheria hakununua kitu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, sura ya 31, inashikilia kanuni ya kale kwamba, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, mtu hawezi kumuuzia mwenzake haki ambayo yeye mwenyewe hana. Mwizi hana haki juu ya taa ile, kwa hiyo aliyeinunua kwake hana, na wa tatu aliyeinunua kwa wa pili hana. Mwenyewe akitokea na kuthibitisha, atachukua chake. Neno muhimu ni hilo: akithibitisha.

Basi alama itiwe vipi? Nimewauliza mafundi ninaowaamini, na jambo lenyewe halina uganga. Nambari inayofaa kuchorwa ni ile ya chesisi, au tarakimu zake za mwisho saba au nane. Jina la mwenyewe halifai sana, maana majina hufanana na pikipiki hubadilisha mikono. Nambari ya chesisi haibadiliki, nayo imo katika kumbukumbu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2012. Kwa hiyo kipuri chochote chenye nambari hiyo kinaweza kuunganishwa na rekodi ya serikali.

Kichorwe kila kipuri chenye thamani. Alama moja iwe mahali pa wazi, ili mwizi aione na kufikiri mara mbili, na nyingine iwe mahali pa siri: chini ya tangi, ndani ya kifuniko cha taa, chini ya kiti, upande wa ndani wa ringi. Kifaa cha kuchorea kinachotumia umeme ni kidogo kama kalamu nene, na kimoja chaweza kuhudumia kituo kizima cha bodaboda. Mahadhari mawili yazingatiwe. Nambari za kiwandani zisiguswe kabisa, kwa kuwa kuzivuruga kwaweza kumtia mwenyewe katika matatizo. Tena tangi na vifuniko vya injini visipigwe kwa nyundo na patasi, kwa sababu bati jembamba hutoboka na aluminiamu ya kusubu hupasuka. Kuchora juu juu kunatosha.

Kisha daftari. Nambari ya chesisi, nambari ya injini, nambari ya usajili, orodha ya vipuri vilivyochorwa na mahali vilipochorwa, pamoja na picha za simu za kila upande. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine kwa mwenyekiti wa kituo. Siku ya msiba mtu hupeleka polisi maelezo yanayosomeka, badala ya kusema tu kwamba pikipiki yangu ilikuwa nyekundu.

Daftari lina ndugu yake, nayo ni usajili. Chini ya Sheria ya Barabara, yule aliyesajiliwa ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye chombo hadi ithibitishwe vingine, na chombo kilichouzwa hakiruhusiwi kutumika barabarani zaidi ya siku 14 kabla ya mmiliki mpya kusajiliwa. Ni wangapi wanaofuata hayo? Pikipiki huuzwa kutoka kwa kaka hadi kwa rafiki, kutoka Gilgil hadi Rongai, huku jina rasmi likiwa la mtu wa kwanza aliyekwisha kusahau. Wakati wa amani haionekani kuwa shida. Chombo kikipatikana baada ya kuibwa, polisi humtafuta mwenye jina, na yule mwenye kulia hana karatasi. Tunapopita vituoni na kuona pikipiki zinazooza kwa jua na mvua, tusidhani kwamba zote ni za wahalifu. Baadhi yake zilipatikana, zikakosa mtu wa kuzidai kisheria.

Kuna watakaosema kwamba mwizi ataifuta alama. Kweli, anaweza kujaribu. Lakini kipuri kilichokwanguliwa kinaongea kwa sauti kubwa kuliko kipuri kitupu. Muuzaji aliyenunua tangi lenye mkwaruzo mpya mahali ambapo alama huwekwa hawezi tena kudai kwamba hakuwa na sababu ya kushuku, na tumeona jinsi kifungu cha 322 kinavyozingatia sababu ya kuamini.

Zaidi ya hayo, chuma kina kumbukumbu. Hapa nawaomba walimu wa sayansi wanisaidie. Nambari ya chesisi inapopigwa kiwandani kwa mhuri wa chuma, mgandamizo wa pigo hauishii pale jicho linapoona. Chembe za chuma zilizo chini ya tarakimu husongwa na kupotoka. Mwizi akisaga tarakimu hadi uso ukawa laini, chembe zile zilizosongwa zingali chini. Mtaalamu hupiga msasa eneo hilo hadi ling'ae, kisha hulipaka mchanganyiko wa asidi. Asidi hula sehemu iliyosongwa kwa kasi tofauti na sehemu ya kando, na tarakimu zilizofutwa hujitokeza tena mbele ya macho, hafifu kama maandishi ya mvuke kwenye kioo. Mbinu hii hutumiwa na wachunguzi wa polisi ulimwenguni kote. Nambari iliyochorwa kwa sindano haiachi kumbukumbu ya kina kama iliyopigwa kwa mhuri, na hiyo ndiyo sababu ya kuweka alama zaidi ya moja katika kila kipuri.

Walimu wa hisabati nao wana cha kufundisha katika nambari ya chesisi yenyewe. Kwa kanuni ya kimataifa ina herufi na tarakimu 17. Herufi I, O na Q hazitumiki humo, ili zisichanganywe na moja na sifuri. Herufi tatu za mwanzo hutaja mtengenezaji, na zile za pikipiki zitokazo India aghalabu huanza kwa M. Mwanafunzi anayejua hayo, akionyeshwa nambari yenye herufi O au yenye herufi 16, atatambua mara moja kwamba amesomewa uongo.

Nchi nyingine zimelipeleka jambo hili mbali zaidi. Marekani ilitunga sheria mwaka wa 1984 iliyowataka watengenezaji kutia nambari katika vipuri vikuu vya magari yanayoibwa sana, ili gari likivunjwa kila kipande kibaki na jina lake. Afrika Kusini, kuanzia mwaka wa 2012, iliamuru magari mapya yanyunyiziwe maelfu ya vidoa vidogo mno, kila kimoja kikiwa na nambari inayosomeka kwa kioo cha kukuzia. Mwizi hawezi kuwa na hakika kwamba ameviondoa vyote. Huko mzigo wa kutia alama umebebeshwa mtengenezaji na muuzaji kabla chombo hakijafika barabarani. Sioni sababu kwa nini Kenya, ambayo pikipiki zake nyingi huunganishwa humu humu nchini, isiwatake waunganishaji wachore nambari ya chesisi katika vipuri vikubwa pale pale kiwandani. Gharama yake ikigawanywa kwa kila pikipiki ni ndogo kuliko tangi moja la mafuta.

Hata hivyo tusikae kuisubiri serikali. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka wa 2015 iliwataka wafanyabiashara hao wawe na leseni na waweke kumbukumbu za wanachonunua, na bado Januari 2022 rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alilazimika kupiga marufuku biashara nzima kwa muda kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu ya umeme na reli. Sheria ilikuwapo, daftari lilikuwa limeamriwa, lakini hapakuwa na aliyelifungua daftari kulisoma. Hatutapata matokeo mengine katika pikipiki tukitia alama na kwenda kulala.

Nasikia pia sauti ya fundi mnyonge wa jua kali akiniuliza kama nataka kumfungia riziki. La hasha. Vipuri vilivyotumika ni biashara halali na ya lazima. Pikipiki iliyopata ajali Salgaa ina gurudumu zima linaloweza kumfaa mtu wa Bahati, na si haki kulitupa. Ninachotaka ni fundi huyo awe na daftari la safu nne: tarehe, kipuri na nambari yake, jina na kitambulisho cha aliyeleta, na sahihi. Daftari hilo ndilo ngao yake. Siku polisi watakapomjia, mwenye daftari ataonyesha alikokipata kipuri, na asiye nalo ataeleza kwa maneno matupu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na muuzaji mwaminifu angefurahi kuiona kamba hiyo.

Niseme neno kuhusu moto. Mara kwa mara tunasikia kwamba mshukiwa wa wizi wa pikipiki ameuawa na umati kabla ya polisi kufika. Sheria ya kifungu cha 296 kuhusu wizi wa mabavu ni kali vya kutosha, lakini hukumu yake hutolewa na mahakama baada ya ushahidi. Umati hauna ushahidi, na kati ya waliouawa hivyo hatutajua kamwe ni wangapi waliokuwa wapita njia. Hata pale aliyekamatwa ni mwizi kweli, anayechomwa ndiye mtu pekee anayejua vipuri vilipelekwa wapi na nani aliyelipa. Mpokeaji husimama katika umati ule ule akitazama moshi, kisha hurudi kibandani mwake, na wiki inayofuata huajiri mwizi mwingine.

Walimu wenzangu, kazi hii ni ya kusoma na kuandika, nayo ndiyo kazi yetu. Wanafunzi wa masomo ya kiufundi katika shule za sekondari msingi wanaweza kujifunza kuchora nambari katika vipande vya bati kabla ya kugusa chombo cha mtu. Wanafunzi wa vyuo vya ufundi, kikiwamo Chuo Anuwai cha Kitaifa cha Rift Valley hapa Nakuru, wana karakana na wana mikono. Siku moja katika muhula ingetosha kuwaalika waendeshaji wa kituo cha karibu, wakachorewa vipuri vyao na kuandikiwa orodha. Na wapo waendeshaji wengi wasiosoma vizuri, ambao mtoto wa darasa la saba anaweza kuwaandikia daftari jioni moja.

Nanyi wanafunzi, wengi wenu mna kaka, baba au mjomba anayeishi kwa pikipiki, na baadhi yenu mtazimiliki karibuni. Mtakapokwenda kununua kipuri, kigeuzeni mtazame chini yake kabla ya kuuliza bei. Ulizeni kilikotoka, mdai risiti yenye jina la muuzaji. Mkikuta nambari, linganisheni na karatasi. Mkikuta mkwaruzo mpya, kirudisheni mezani kwa adabu, hata kama bei yake inapendeza. Kibanda kimoja kikirudishiwa vipuri vya namna hiyo mara kumi kwa siku moja, mwenyewe hatamfungulia mlango tena yule anayebisha usiku akiwa na tangi mkononi.